Mvuke wa Mimea na Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali haya hurudi kila mwaka upepo wa Kaskazi unapokolea na fukuto kuushika mji. Wanaouliza ni wanafunzi waliopewa kazi ya sayansi, wafugaji wa kuku, watu wa bustani, na majirani wanaovutana juu ya mti uliosimama baina ya nyumba mbili. Yameanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwa nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mvuke wa maji ni nini, na mbona hatuuoni?

Ni maji yaliyogeuka kuwa hewa. Hauna rangi wala harufu. Itazame birika inayochemka: mdomoni pake pana nafasi fupi inayoonekana tupu, kisha ndipo weupe unaanza. Ile nafasi tupu ndiyo yenye mvuke. Weupe ni matone madogo mno ya maji, yaliyotokea baada ya mvuke kukutana na hewa iliyopoa.

Kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo inavyoweza kubeba mvuke mwingi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi hubeba hadi takribani gramu 30 za mvuke. Ikiwa na nyuzi 10, haifiki hata gramu 10. Zikumbuke hesabu hizi mbili, zitatufaa mbele.

2. Mti unatoaje maji hewani?

Mizizi hunyonya maji ardhini, nayo hupanda kwa mirija myembamba ya shina hadi majanini. Kwenye jani, hasa upande wa chini, kuna vitundu visivyoonekana kwa macho matupu viitwavyo stomata. Milimita moja ya mraba inaweza kuwa na mamia yake. Kila kitundu kina seli linzi mbili pembeni. Zikijaa maji hupinda na kitundu hufunguka, zikipungukiwa hulegea nacho hujifunga. Kikiwa wazi, maji yanayolowesha kuta za ndani za jani hugeuka mvuke na kutoka nje. Kitendo hiki huitwa transpiresheni. Mvuke kidogo hupenya pia kwenye nta ya juu ya jani na kwenye vijitundu vya gome.

Linaloshangaza ni kwamba mti hautumii nguvu yake kuyapandisha maji hayo. Chembe za maji hushikana, kwa hiyo kila inayotoka jani huivuta ya nyuma yake, na mvuto huo hushuka mpaka mzizini. Nguvu yenyewe inatoka kwenye jua. Maelezo haya yalitolewa na Henry Dixon na John Joly mwaka 1894, na mpaka leo ndiyo yanayokubalika.

3. Kwa nini mti uhangaike kunyonya maji kisha uyaachie?

Kwa sababu hauna njia ya kula bila kufungua mlango. Stomata zinazotoa mvuke ndizo zinazoingiza hewa ukaa, ambayo mmea huihitaji kwa usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Zikifunguka kwa ajili ya chakula, maji nayo hutoka. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayonyonywa hupita tu, na yanayobaki kujenga mwili wa mmea ni machache sana.

Hata hivyo si hasara tupu. Mkondo huo wa maji ndio unaobeba chumvichumvi za udongo kupanda juu, na mvuke unapotoka hulipoza jani. Jani lisilotoa mvuke kwenye jua la Februari la Mombasa lingeungua.

4. Na sisi watu, tunatoa mvuke kwa njia zipi?

Njia ni tatu: pumzi, jasho, na maji yanayopenya ngozini kimyakimya hata tukiwa tumekaa. Hewa tunayoivuta hulowa njiani ndani ya pua, koo na mapafu, na inapotoka huwa na joto la nyuzi 34 hivi, imejaa mvuke karibu kadiri inavyoweza. Mtu mzima aliyetulia hupoteza takribani gramu 300 hadi 400 za maji kwa siku kwa pumzi, na kiasi kama hicho kwa ngozi. Jumla hukaribia gramu 800, kabla hata jasho halijahesabiwa.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa subira isiyo ya kawaida ni tabibu wa Kiitaliano, Santorio Santorio. Kwa miaka mingi alijipima uzito kwenye kiti kilichotundikwa kwenye mizani, akapima pia alichokula na alichotoa, na kila mara hesabu ilipungua. Kuna kitu kilikuwa kinamtoka bila kuonekana. Matokeo aliyachapisha mwaka 1614. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1727, Mwingereza Stephen Hales alichapisha vipimo vyake vya alizeti aliyoipanda chungu na kuipima hivyo hivyo, akakuta mmea mmoja ukipoteza zaidi ya nusu lita kwa siku.

5. Nani anatoa zaidi, mimea au wanyama?

Mimea, tena kwa mbali. Tufanye hesabu ya kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kila mmoja akitoa gramu 800, wote pamoja hutoa karibu lita milioni moja kwa siku. Sasa chukua kilometa moja tu ya mraba yenye mimea iliyoshiba maji. Ikipoteza maji ya kina cha milimita moja, tayari imetoa lita milioni moja, na mimea ya namna hiyo kwa kawaida hupoteza milimita 3 hadi 6 kwa siku. Yaani pumzi na ngozi za mji mzima hazifikii kipande cha shamba cha kilometa moja kwa moja.

Makadirio ya Marekani ni kwamba ekari moja ya mahindi hutoa lita 11,400 hadi 15,100 kwa siku, na mwaloni mmoja mkubwa hutoa lita 151,000 kwa mwaka. Lakini bahari inawapita wote. Takribani asilimia 90 ya mvuke ulio hewani duniani hutoka baharini na kwenye maziwa na mito, na karibu wote uliobaki hutoka kwenye mimea.

## Fukuto la mjini

6. Eti miti iliyozunguka nyumba ndiyo inayoleta fukuto?

Hapana. Swali hili tunalijibu kwa urefu kwa sababu limeangusha miti mingi iliyochukua miaka kukua.

Mombasa ni kisiwa, kimezungukwa na Bahari ya Hindi na hori za Tudor na Kilindini. Maji hayo ni ya vuguvugu mwaka mzima, na upepo wowote unaopita juu yake huingia mjini ukiwa umeshiba mvuke, uwe wa Kusi au wa Kaskazi. Mwarobaini mmoja uani unaongeza mvuke, ndiyo, lakini upepo huuchukua mara moja, na hewa inayoingia nyuma yake imetoka baharini na unyevu wake. Ukikata mti huo, unyevu wa hewa hautapungua kwa kiasi cha wewe kuhisi. Utakachohisi ni jua linalopiga ukuta wa matofali tangu asubuhi, na ukuta kukurudishia joto hilo usiku unapotafuta usingizi.

Malalamiko hayo yana ukweli mmoja ndani yake. Mti wenye majani mengi yaliyoshuka mpaka usawa wa dirisha huzuia upepo, na hewa iliyosimama chini yake huwa na unyevu zaidi kidogo. Dawa yake ni kupogoa. Ondoa matawi ya chini mpaka upepo upite usawa wa madirisha, acha mwavuli wa juu ukinge paa. Kazi hiyo ni ya nusu siku na panga kali, na hakuna jirani atakayekosana na mwenzake.

7. Mbona kivuli cha mwembe ni baridi kuliko kivuli cha mabati?

Bati likipigwa na jua halina pa kulipeleka joto ila juu na chini, na la chini linakuangukia wewe. Gusa bati saa 8 mchana, kisha gusa jani la mwembe lililo juani: bati linaunguza, jani ni vuguvugu tu. Joto lililoingia jani limetumika kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke umeondoka nalo.

Kiasi chake si kidogo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huchukua jouli milioni 2.4 hivi. Mti unaotoa lita 100 kwa siku basi huondoa joto sawa na linaloondolewa na kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kikifanya kazi takribani saa 19. Tofauti ni kwamba ubaridi wa mti haukufungiwa chumbani, hutawanyika na upepo, kwa hiyo usitarajie uani pawe kama benki. Tena kiyoyozi hulitoa joto la chumbani kwako na kulitupa uchochoroni kwa wapitanjia, jambo ambalo mti haulifanyi.

8. Kwa nini jasho la Mombasa halikauki?

Kwa sababu hewa imekaribia kujaa. Jasho linalopoza ni lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi. Linalochuruzika hadi kwenye kola na kudondoka chini limekutoka bure, umepoteza maji na chumvi na joto limebaki palepale. Ndiyo maana nyuzi 31 za Mombasa humchosha mtu kuliko nyuzi zaidi ya hizo kwenye hewa kavu ya Garissa. Mtungi wa udongo hufuata kanuni hiyo hiyo: nje yake hulowa, maji hukauka, ya ndani yakapoa, na siku ya fukuto zito mtungi nao hauna nguvu.

Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Hamali anayesukuma mkokoteni kuingia Marikiti saa 6 mchana anaweza kutokwa na lita nzima kwa saa moja, au zaidi. Maji matupu hayamtoshi, chumvi nayo lazima irudi. Feni husaidia kwa kuondoa ile hewa iliyojaa mvuke inayozunguka ngozi na kuleta nyingine, ingawa hewa ya chumba haipoi hata nukta. Ukitoka chumbani, zima: feni haina inachokipoza.

9. Chumba kinakuwa kizito alfajiri. Ni pumzi zetu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina mita 27 za ujazo. Kwa nyuzi 30, hewa yake hubeba hadi gramu 810 za mvuke (swali la 1). Ikiwa unyevu umeshafika asilimia 75, imebaki nafasi ya gramu 200 tu. Watu wawili waliolala hutoa gramu 65 hivi kwa saa. Kama chumba kimefungwa kabisa, kwa saa tatu kimejaa.

Vyumba vyetu vina mianya, kwa hiyo mara nyingi haifiki huko, lakini ndiyo sababu ya kuacha madirisha mawili wazi, moja la kuingizia upepo na moja la kuutolea, pamoja na wavu wa mbu. Kuta zinazoota kuvu nyuma ya kabati mara nyingi zina sababu hiyo hiyo, ikiongezewa na nguo zinazoanikwa ndani msimu wa mvua. Ukungu wa vioo vya matatu iliyofungwa madirisha kwa ajili ya mvua ya Mei nao ni pumzi za abiria, zilizogusa kioo kilichopozwa na mvua.

10. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanatoka wapi?

Hewani. Hewa ya chumba hupita kwenye mabomba baridi ndani ya mashine, mvuke wake ukageuka maji, yakatolewa nje kwa mpira. Humo mna mvuke wa bahari uliopenya mlangoni na mvuke uliotoka mapafuni mwa watu waliokaa ofisini. Yanafaa kupigia deki, si ya kunywa.

11. Mbona pumzi yangu huonekana nikienda Limuru, lakini Mombasa haionekani?

Pumzi inatoka na joto la nyuzi 34 ikiwa imejaa mvuke. Asubuhi ya Julai kule Limuru, hewa ni baridi na haina nafasi ya kuubeba mvuke wote huo, kwa hiyo unageuka matone madogo na unaona wingu dogo mbele ya mdomo. Hewa ya Mombasa ni ya joto, inaupokea mvuke bila kuugeuza. Unatoka vilevile, ila huuoni.

## Mimea ya kwetu

12. Mbuyu, mvinje, mnazi, shubiri: zote hutoa mvuke sawa?

La, kila mmoja una mwendo wake.

Mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina hupukutisha majani kiangazi. Bila majani, hakuna stomata za kutosha za kupotezea maji, na mti hukaa na akiba yake shinani. Karibu na mvua huitumia akiba hiyo kuchipua. Anayeuona mbuyu mtupu mwezi wa Februari akadhani umekufa, ausubiri.

Mvinje unastahili kutazamwa kwa karibu. Chuma uzi mmoja wa kijani ukauvute: unakatika kwenye vifundo vifundo. Uzi huo si jani, ni kitawi. Majani yenyewe ni vile vimagamba vidogo vilivyozunguka kila kifundo kama taji. Stomata zimejificha ndani ya mifereji myembamba iliyo kwenye kitawi, upepo mkavu usipofika kirahisi. Mti huu wa ufukweni ndio mtaalamu wa kilimo René Haller alioutegemea alipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo matupu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa na mawe, chumvi na jua tu. Leo pale ni msitu, Haller Park.

Mnazi haupukutishi majani kwa msimu. Vijani vyake ni vigumu, vina nta, na stomata ziko upande wa chini. Nao shubiri, mnanasi na mkonge hugeuza ratiba: stomata hufunguka usiku, hewa ukaa huwekwa akiba, na mchana milango hufungwa. Kwa hiyo hukua polepole lakini hupoteza maji machache mno.

13. Mikoko hunyonya maji ya chumvi. Mvuke wake una chumvi?

Hauna. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma. Swali gumu ni mti unaifanyia nini chumvi hiyo. Mkoko wenyewe huizuia mizizini, ukaacha sehemu kubwa nje. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huingiza zaidi, kisha huitoa kwa tezi zilizo kwenye majani. Nenda Mikindani au Tudor siku isiyo na mvua, lishike jani la mchu juani, utaona punje ndogo zinazometa. Ziguse kwa ulimi: ni chumvi.

Kazi hii ina gharama. Kuyavuta maji kutoka kwenye chumvi kunahitaji mvuto mkubwa, kwa hiyo mikoko hutumia maji kwa ubahili, hata miguu yake ikiwa majini mchana kutwa.

14. Mchicha wangu hunyauka saa 7 mchana na udongo umelowa. Niongeze maji?

Subiri kwanza mpaka jioni. Adhuhuri majani yanaweza kupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha, hasa Kaskazi ikivuma. Jani hulegea, stomata hujifunga, na jua likishuka mmea husimama tena wenyewe. Ukimwagilia kila unapouona umelegea, mizizi itakosa hewa na kuoza.

Ukiamka asubuhi na mchicha bado umelala, hapo kweli una kiu, au mizizi imeharibika. Mwagilia alfajiri au jioni, weka matandazo ya makuti au majani makavu, na wakati wa kuhamisha miche punguza baadhi ya majani makubwa na uikinge jua siku za mwanzo. Mche uliong'olewa umepoteza vijizizi vingi, na majani yake hayajui hilo.

15. Matone ya alfajiri kwenye ncha za majani ya magimbi ni umande?

Mara nyingi si umande. Umande ni mvuke wa hewani uliopoa ukawa maji, ukatapakaa juu ya jani lote na hata juu ya gari na kiti cha plastiki. Matone yaliyokaa kwenye ncha au kingo tu yametoka ndani ya mmea. Usiku, udongo ukiwa na maji na hewa imejaa mvuke, mizizi huendelea kusukuma huku transpiresheni ikiwa karibu imesimama, na maji ya ziada hupenya kwenye vijitundu maalumu vya pembeni. Ni maji, si mvuke.

## Wanyama

16. Kuku, kunguru na mbwa hawatoi jasho. Wanajipozaje?

Ndege hawana tezi za jasho kabisa. Kunguru utamwona juu ya waya wa stima adhuhuri, mdomo wazi, koo likimtetemeka. Mbwa ana tezi chache nyayoni, kwa hiyo hutegemea kuhema. Wote wanafanya jambo moja: kupitisha hewa kwa haraka juu ya sehemu zenye majimaji za mdomo na koo, maji yageuke mvuke na kuondoka na joto.

Kwa mfugaji wa kuku wa Mombasa hili si la kujifurahisha. Kuku mia tatu wanaohema kwenye banda lililofungwa huijaza hewa mvuke, na ikishajaa, kuhema hakuwasaidii tena. Mvuke huohuo hulowesha maranda ya mbao yaliyochanganyika na kinyesi, yakaanza kutoa harufu kali ya amonia inayoumiza macho na mapafu yao. Banda lenye wavu pande mbili, lililoelekezwa upepo, huokoa kuku wengi kuliko dawa. Ukiwakuta wanahema na mabawa yameachana na mwili, wape maji baridi, wapunguze msongamano, na usiwamwagie maji sakafuni, maana utaongeza unyevu ule ule unaowamaliza.

17. Ngamia wa ufukwe wa Bamburi wanastahimili vipi?

Ngamia ni bahili wa mvuke. Akipungukiwa na maji huacha joto la mwili lipande kutoka nyuzi 34 asubuhi hadi zaidi ya 40 jioni, badala ya kulipa jasho, kisha usiku hulitoa bila kutumia maji. Mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alilipima jambo hili Sahara miaka ya 1950. Pua ya ngamia nayo hupoza pumzi inayotoka, ili sehemu ya mvuke igeuke maji na kubaki ndani. Maarifa haya ni ya jangwani. Bamburi hewa ni nyevu na bado anabeba watalii juani, kwa hiyo anahitaji maji na kivuli kama mnyama mwingine.

18. Ule moshi wa nyangumi ni maji ya bahari?

Sehemu kubwa ni pumzi. Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya kuanzia Julai hivi, na kila wanapoibuka hutoa hewa ya joto iliyojaa mvuke kwa nguvu. Hewa hiyo ikitanuka ghafla hupoa, mvuke ukawa matone, pamoja na makamasi na maji kidogo yaliyokuwa juu ya tundu la kupumulia. Samaki hawana kitu kama hicho, kwa kuwa hupumua majini.

## Kazi za shule

19. Nitaonyeshaje transpiresheni bila mfuko wa plastiki?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, lakini vitabu vingi bado vinamwambia mwanafunzi afunge mfuko. Tumia chupa mbili angavu za maji ya kunywa, zilizokauka ndani kabisa.

Ingiza ncha ya mkunde yenye majani kwenye chupa ya kwanza bila kuikata kutoka kwenye mmea. Ziba mdomo kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Chupa ya pili ifanyie hivyo hivyo, ila kwa tawi lililopukutishwa majani yote. Usiisahau hii ya pili, maana bila yake mwalimu atauliza umejuaje kwamba maji hayakutoka hewani, na huna jibu. Ziache juani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5. Kwanza chupa hufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kisha ukungu hukusanyika kuwa matone, na matone huteremka. Usizidishe muda: ndani ya chupa joto hupanda na majani huiva.

Ukiwa na karatasi ya kobalti kloridi, tone litaigeuza kutoka buluu kuwa waridi. Lakini hewa ya Mombasa peke yake inatosha kuigeuza, na jasho la vidole pia. Ikaushe jikoni mbali na moto kabla ya kuitumia, na ishike kwa koleo.

## Mvua na tabianchi

20. Tukipanda miti mjini, mvua itaongezeka?

Usimwahidi mtu hilo. Mvua za masika na vuli Mombasa huletwa na pepo za baharini, na miti ya kisiwani haina uzito wa kuzigeuza. Miti ya mjini ipandwe kwa kivuli na ubaridi (swali la 7), nazo ni sababu tosha.

Misitu mikubwa ni habari nyingine. Amazon, mvuke unaotoka kwenye miti hunyesha tena mbele, ukatoka tena, ukanyesha tena, maelfu ya kilometa kutoka baharini. Hapa karibu, Shimba Hills, Kwale, hewa ya bahari hupanda vilima, hupoa na kuleta ukungu na mvua, na msitu huyashika maji hayo yakaingia ardhini badala ya kukimbilia mtoni. Chemchemi za Marere zilizo huko huleta maji Mombasa. Anayekata mti kule anagusa mfereji wa huku.

21. Mvuke ni gesi joto. Je, miti inaongeza joto la dunia?

Ni kweli kwamba mvuke huzuia joto lisitoke, na hakuna gesi joto iliyo nyingi kuliko yenyewe. Lakini kiasi chake huamuliwa na joto la hewa. Hewa ikijaa, unaozidi hunyesha, na mvuke kwa wastani hukaa juu siku 9 hivi tu. Hewa ukaa ya mafuta na makaa ya mawe hubaki kwa karne nyingi. Hiyo ndiyo inayoanza kuipasha dunia moto, kisha kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7, na mvuke huo huongeza joto juu ya joto.

Hewa ukaa ikizidi, mimea mingi huingiza chakula chake hata stomata zikiwa zimefunguka kidogo tu, kwa hiyo hupoteza maji machache. Kwa mkulima wa eneo kame hiyo ni nafuu. Kwa mji wa joto kuna upande wa pili: jani linalotoa mvuke kidogo hupoa kidogo, na mti uleule, chini ya jua lilelile, hutoa ubaridi pungufu.